Niliijua Fizikia, Sikujua Kufundisha

Nianze na kosa langu. Mwaka 2017, katika shule moja ya sekondari ya kata huku Kilangali, nilimchapa mtoto wa watu fimbo sita kwa sababu hakujibu swali. Nililiuliza kwa Kiingereza, naye akasimama kimya akitazama kona ya dawati. Kimya kile nikakihesabu kuwa kiburi. Alikuwa Kidato cha Kwanza, hana hata miezi mitatu tangu aanze sekondari, akitokea shule ya msingi, ambako miaka saba yote alisoma kwa Kiswahili. Nilimpiga mbele ya wenzake, nikarudi ubaoni, nikaendelea na kanuni ya Archimedes kana kwamba hakuna lililotokea.

Watoto waliniita Madam, wazazi waliniita mwalimu, na jina langu lilikuwa kwenye ratiba ukutani. Lakini mwalimu sikuwa. Nimekuwa mwalimu baadaye, nikiwa na miaka karibu thelathini, na naandika haya nieleze ilivyokuwa.

Nilihitimu uhandisi wa kilimo mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwaka uliofuata nikaja Kilangali kwa mkataba mfupi wa kazi za mifereji. Kwa asiyeijua, Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, na ni nchi ya mpunga. Lipo shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo, na nje ya shamba hilo kila familia ina majaruba yake, makubwa kwa madogo. Mtoto wa huku anajua kupandikiza miche kabla hajajua kuandika jina lake. Mkataba wangu ulipokwisha nilibaki, nimepanga chumba, nasubiri ajira, nalima kidogo.

Mkuu wa shule akasikia kuna binti mwenye shahada ya uhandisi anakaa tu. Alinifuata mwenyewe, jioni, kwa baiskeli. Akaniambia, "Mwanangu, nina watoto wa Kidato cha Kwanza wamejaa mpaka dirishani, na Fizikia haina mtu." Ilikuwa kweli. Serikali ilikuwa imefuta ada ya sekondari kuanzia Januari 2016, na watoto ambao zamani wangebakia nyumbani waliingia darasani kwa wingi. Nilikubali kwa roho safi. Nilikubali pia kwa kujiamini kupita kiasi, maana niliona ni kazi ndogo. Mtu aliyefaulu hesabu za mtiririko wa maji chuo kikuu atashindwaje na Fizikia ya Kidato cha Kwanza?

Februari 2013, nikiwa bado chuoni, yalitoka matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Sisi bwenini tulikuwa na jibu letu tayari: watoto wa siku hizi hawasomi, wanashinda kwenye simu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo kwa sauti. Miaka minne baadaye watoto kama hao walikuwa mbele yangu, na jibu langu lilikuwa lile lile.

Nilifundisha nilivyofundishwa. Naingia, nawasalimu, najaza ubao, wananakili. Nikifika mwisho nauliza kama wameelewa, darasa zima linaitika ndiyo kwa sauti moja. Natoka nimeridhika. Jaribio la kwanza likaja, na waliovuka nusu niliwahesabu kwa vidole vya mikono miwili nikabakiwa na vidole. Niliwafokea. La pili likaja vile vile. Hapo ndipo nikaanza kushika fimbo.

Aliyenishika mkono ni mwalimu wa taaluma wa shule ile. Jina lake silitaji kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Jioni moja, ofisini, tukisahihisha, alichukua daftari langu la maandalizi, akalifungua, akalilinganisha na daftari la mwanafunzi. Akaniuliza, "Madam, hizi ni notisi zako za chuo?" Nikasema nyingine ni za A-levo. Akasema, "Naona. Na humu zimenakiliwa vizuri sana. Sasa mtoto mwenyewe yuko wapi?" Sikumwelewa.

Ndipo akanieleza alikotoka yeye. Alikuwa mmoja wa walimu wa leseni, wale ambao mitaani waliitwa "vodafasta", kwa jina la vocha za simu za kuongeza salio haraka. Ulikuwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, shule za kata zinachomoza kila mahali na walimu hakuna. Serikali iliwachukua vijana waliomaliza Kidato cha Sita, ikawapa mafunzo ya majuma machache, ikawatuma madarasani. Mwaka 2005 vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilianzishwa ili kuziba pengo hilo, lakini mwalimu wa shahada haivi kwa msimu mmoja. Wenzake wengi waliacha. Yeye alibaki, akasoma shahada ya ualimu huku akifundisha. Jina lile la vocha lilimuuma miaka mingi. Aliniambia, "Mimi walinicheka kwa majuma machache. Wewe hata hayo huna."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli.

Akanipa karatasi, akaniambia niandike andalio la somo la kesho. Kuna safu ya shughuli za mwalimu na pembeni yake safu ya shughuli za mwanafunzi. Ya mwalimu niliijaza ikafurika: kueleza, kuchora, kuandika fomula, kutoa mfano, kuuliza. Ya mwanafunzi niliandika "kusikiliza", chini yake "kusikiliza", chini yake "kunakili", halafu tena "kusikiliza". Nilipomrudishia aliisoma safu ile kwa sauti, taratibu, kutoka juu hadi chini, bila kuongeza neno. Kisha akaniambia habari za Chuo Kikuu Huria.

Stashahada ya Uzamili katika Elimu ni njia ya mtu mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari kwa haki. Vyuo kadhaa vinaitoa, lakini Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kinakufuata ulipo. Nilijisajili kituo cha mkoa cha Morogoro. Nilipohitajika kituoni nilitoka Kilangali alfajiri kwa bodaboda mpaka Kilosa, nikapanda basi kupitia Rudewa na Dumila. Siku nyingine zote nilisoma chumbani, kwa taa ya sola. Saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia, utawala wa elimu na sheria zake. Nilidhani yatakuwa maneno matupu ya kupatia cheti.

Sheria ndiyo iliyonivunja kwanza. Kwa kanuni iliyotangazwa mwaka 2002, fimbo zisizidi nne. Achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Na adhabu iandikwe kitabuni. Sikuwa mkuu, sikuwa na idhini, sikuandika popote, na fimbo zangu zilikuwa sita. Nilifunga kitabu. Usiku ule sikusoma tena.

La pili lilikuwa dogo, na ndilo lililobadilisha kazi yangu kuliko yote. Nilisoma habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, ambaye miaka ya 1970 alisikiliza kanda za sauti za madarasa ya sayansi. Aligundua kuwa mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hulirudia, humwita mwingine au hujijibu mwenyewe. Walimu waliojizoesha kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nikaweka simu yangu mezani, nikarekodi kipindi changu cha dakika arobaini. Usiku nikajisikiliza. Sauti ilikuwa yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto walisikika wakiitika "ndiyo, Madam" tu. Kila swali nililouliza nilikuwa nimeanza kulijibu kabla hata kiti hakijalia.

Tena fikiria mtoto wetu. Anasikia swali kwa Kiingereza, analigeuza Kiswahili kichwani, anatafuta jibu, analigeuza tena Kiingereza, anahakiki asije akachekwa, ndipo anyooshe mkono. Huyu sekunde tatu hazimtoshi. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Siku za mwanzo ilikuwa tabu. Kimya cha sekunde kumi darasani ni kirefu, unahisi wanakudharau. Kisha mkono mmoja unapanda kule nyuma, mkono ambao hujawahi kuuona.

La tatu ni la Lee Shulman, wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1986 aliandika kwamba upo ujuzi wa somo, upo ujuzi wa kufundisha, na katikati yake upo ujuzi wa tatu unaounganisha hizo mbili: kujua mtoto atakwama wapi kwenye jambo hili hasa, na mfano gani utamkwamua. Nikajiuliza mfano wangu wa Archimedes ulikuwa upi. Ulikuwa meli ya chuma baharini. Watoto wa Kilangali hawajaiona meli. Bahari yenyewe wengi wao hawajaiona.

Mfano wao niliukuta kwa bahati, Desemba 2019, mvua zimeanza. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba moja nikamwona yule mtoto wa fimbo sita, sasa kijana aliyemaliza Kidato cha Tatu, ameinama kwenye beseni pamoja na bibi yake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu, karibu. Tunachagua mbegu."

Beseni lilikuwa na maji, na ndani yake yai la kuku limezama. Kijana alikuwa anamwaga chumvi kidogo kidogo, akikoroga kwa mwiko, akingoja, akiongeza. Yai likatikisika, likainuka, likaja juu mpaka kichwa chake kikachomoza kiasi cha sarafu. Akalitoa. Akamimina mpunga. Mapepe yote yakaja juu na punje nzito zikatulia chini. Bibi akayaengua mapepe kwa ungo akawatupia kuku. Kijana akamwaga maji ya chumvi, akasuuza mbegu mara tatu kwa maji safi ili chumvi isiiue.

Nikamuuliza yai ni la nini.

"Linatuambia chumvi imetosha. Lakini liwe la leo au la jana, Madam. Yai lililokaa sana linaelea hata kwenye maji matupu. Litakudanganya, uoteshe mapepe."

"Kwa nini lililokaa linaelea?"

Akanyamaza. Nikahesabu. Nilifika saba.

"Ndani limekauka, limeingia hewa. Ukubwa wake ni ule ule, ila uzito umepungua."

Hiyo ni Fizikia ya Kidato cha Kwanza, yote, imesemwa kwa sentensi mbili. Na huyu ndiye niliyemchapa kwa kutonijibu kwa nini kitu huelea. Alikuwa akijua siku ile. Alikuwa akijua tangu mdogo, kwenye beseni la bibi yake. Mimi ndiye sikujua kumuuliza.

Nilimwomba radhi pale pale. Nilisema mbele ya bibi yake, maana nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia siku ile nilimwonea, na kwamba hata sheria haikuniruhusu. Alitazama chini, akachezea mwiko. Akasema, "Yamekwisha, Madam." Bibi aliniangalia kitambo, kisha akaniambia, "Haya, shika ungo huo, tumalize kabla jua halijawa kali." Nikashika.

Mazoezi ya kufundisha yalikuwa bado, na yalichelewa. Tarehe 17 Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya Korona, na vidato vya chini havikurudi mpaka 29 Juni. Zilipofunguliwa niliomba kufanyia mazoezi shule ile ile.

Siku ya kukaguliwa, mhadhiri kutoka chuoni alikaa nyuma na karatasi zake. Nilikuwa na mabeseni manne, chumvi ya mawe, mayai ya bibi, pamoja na yai moja nililoliacha makusudi likae majuma kadhaa. Kijana, sasa yupo Kidato cha Nne, alikuwa ameombewa ruhusa, akasimama mbele ya Kidato cha Kwanza akaonesha mara moja. Kisha makundi yakafanya yenyewe. Niliwaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili, halafu kila kundi liripoti kwa Kiingereza kwa kutumia maneno manne niliyoyaandika ubaoni. Yai bovu lilipoelea kwenye maji matupu darasa lililipuka. Mmoja akasema Madam katia chumvi kwa siri. Akaja akayaonja maji! Hayakuwa na chumvi. Wakaanza kubishana, na mimi nikakaa kimya, na kukaa kimya ndilo jambo gumu kuliko yote niliyojifunza.

Mhadhiri hakunisifia sana. Aliniambia muda ulikwisha sijafika kwenye hitimisho, na kwamba mabinti watano waliokaa upande wa dirishani sikumuuliza hata mmoja. Alikuwa amewahesabu. Mimi mwanamke, niliyesoma uhandisi nikiwa mmoja wa mabinti wachache darasani, nilikuwa nimewapita mabinti wangu kama vile hawapo. Juma lililofuata nilianza na dirisha.

Niliajiriwa na Serikali mwaka 2021, katika shule nyingine ya wilaya hii hii. Nisidanganye kwamba matatizo yamekwisha. Darasa bado ni kubwa kuliko sauti yangu, maabara haina maji, na wapo wanaopata sifuri hata sasa. Lakini fimbo sijaishika tena tangu usiku ule wa kanuni, na mtoto akikosa siku hizi naangalia kwanza swali langu. Yule kijana alifaulu Fizikia Kidato cha Nne. Sijidai kuwa ni kwa ajili yangu. Mwalimu wake wa miaka ya mwisho alikuwa mwingine, aliyesomea kazi.

Sasa nasema na wewe kijana mwenye shahada yako ya sayansi, unayejitolea katika shule ya kata kwa kuwa ajira haijatoka. Asante kwa kujitolea, watoto wanakuhitaji. Lakini usifanye kama mimi. Wakati unasubiri, tafuta mwalimu mmoja mzoefu akupe karatasi ya andalio la somo, ujaze safu ya mwanafunzi, umsomee kwa sauti. Kisha dirisha la udahili likifunguliwa, nenda kasome ualimu. Na wakuu wa shule mnaowapokea vijana hawa, nawaomba: siku ya kwanza mnapowapa chaki, wapeni pia mtu wa kukaa nao nyuma ya darasa, na fimbo msiwape kabisa.